Mbinzo Kabla ya Ngoma

Mti wa lifaki si kuku. Huwezi kuuficha ndani ya koti ukaondoka nao mdogo mdogo. Wanaume wakishikana mikono kuuzunguka huwaita wengine waje kusaidia, na ukianguka, watu wa ng'ambo ya mto huacha sahani na kutoka nje kutazama mbingu. Hata hivyo mlifaki mkubwa kuliko yote katika msitu wa Yalikombe, kijiji kilicho ukingoni mwa mto karibu na Yanonge, ulikuwa umeibwa. Hakuna aliyekiri kuona, hakuna aliyekiri kusikia, na mtu mmoja tu alikuwa ameshikwa: Papa Alphonse, mlinzi wa msitu huo huo.

Inspekta Gédéon alifika kituoni Kisangani Ijumaa asubuhi akiwa amenuna, wala hakununa kwa ajili ya mti. Jumapili iliyotangulia alikwenda kumsalimia mama mkwe wake, Mama Agathe, huko Mangobo, akachukua pakiti ya sukari kwa kujua kwamba mkono mtupu haulambwi. Hajaketi vizuri, akaingia Henri. Henri huyu ni mwanyumba wake, maana wameoa dada kwa dada, na ana baleinière, chombo kirefu cha mbao chenye injini, kinachobeba abiria na mizigo kati ya Isangi na Kisangani. Mkononi alishika ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko, na ndani mlikuwa na mbinzo tele. Mama Agathe alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amezaa. Sukari ikasukumwa chini ya meza kwa kisigino.

Msomaji ambaye hakuzaliwa huku mkoani Tshopo asikunje pua. Mbinzo ni viwavi wanaoishi juu ya mti wa lifaki, na ukizikaanga kwa mafuta ya mawese na pilipili, ukaziweka kando ya lituma, yaani ndizi zilizopondwa, utasahau kwa nini watu hununua nyama. Gédéon, mtu wa Kindu, alizila siku hiyo bila kusifu. Aliziona chungu kidogo, akadhani ni wivu.

Papa Alphonse alikuwa ameketi wima juu ya benchi ya kasho, chumba cha mahabusu, amevaa koti na tai alizovaa kwenye matanga. Alikuwa amekataa kulivua koti. Alisema akilivua watu watadhani amehamia.

"Papa, tuanze tena," Gédéon alisema, huku Adjidanti Chantal, mwandishi wake na dereva wake wa pikipiki, akiandaa kalamu. "Wakati muti inaanguka, ulikuwa wapi?"

"Isangi, kwa matanga ya shangazi yangu. Juma nzima. Nikirudia, nakuta kisiki. Kisiki njo ilinisalimia ya kwanza."

"Nani alijua kama unaenda?"

"Batu yote. Matanga haifichwake, Inspecteur. Niliingia hata ndani ya baleinière moja na kulia kwangu. Kijana ya chombo alikuwa na adabu, alikatala hata franga ya safari. Aliniambia, papa, mutu wa kilio halipake."

"Jina yake?"

"Mutu anakubeba bure, na weye unamuuliza jina tena?"

Chantal aliinua kichwa. "Binamu yako Franck anasema uliuza muti, kisha ukaenda kulia Isangi ili usionekane."

"Franck anataka kiti yangu!" Tai ya mzee ilirukaruka shingoni. "Siku ya Mungu, Jumapili hii, kijiji itakaa kikao. Kama ningali humu ndani, watamupa ulinzi wa pori, na ameshaahidi kuuza miti ya mbinzo yote ile inabakia. Yote! Mukinifunga mimi, bon, mi ni muzee, nitalala. Lakini siku ya Mungu ikipita, tutakuwa kijiji ya visiki."

Gédéon alikuwa mtu wa haki, lakini pia alikuwa mtu wa Kindu, na kichwani mwake msitu haukuwa na mwisho. "Papa, pori iko kubwa. Muti moja…"

"Sikiliza, mutoto yangu. Mungu alitupa vitu vya namna namna. Samaki, ukimuachia nafasi, mwaka kesho iko na batoto. Dhahabu, ukishaichimba, imeisha, udongo haizae ingine. Muti ya lifaki iko katikati. Inarudia, ndiyo. Lakini wakati itakuwa mukubwa sawa ile, weye, mutoto yako na mutoto wa mutoto yako mutakuwa mumezikwa. Donc juu yako weye, lifaki iko sawasawa na dhahabu. Andika ile, Madame."

Chantal aliandika, kisha akauliza kama "lifaki" inaandikwa na herufi kubwa. Mzee akasema yote kwa herufi kubwa.

Kutoka hapo walikwenda kwa Léon, mwenye ghala la mbao Mangobo, kwa kuwa mbao za lifaki zilizofika mjini wiki ile zilikuwa zimemalizikia kwake. Pikipiki ya kituo ilikuwa na tabia ya kuzimika mbele ya kila mama anayekaanga samaki, na Chantal aliapa kwamba si yeye anayeizima.

Léon alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa na karatasi ya kila ubao. Hata inzi angetua juu ya ubao wake, naye angepewa karatasi. Zote zilisema mti umekatwa miezi mingi nyuma, wakati wa jua kali, katika eneo lenye ruhusa.

Gédéon aliweka kiganja juu ya ubao, akakiinua. Kiganja kilikuwa kimelowa.

"Mvua," Léon alisema haraka.

"Mvua ilinyesha ndani ya mbao, ikaacha paa na udongo vikavu?"

"Tangawisi, Papa Inspecteur? Niko nayo ya baridi."

"Nani alikuuzia?"

Léon alitazama juu, akatazama chini, akaona kwamba hakuna mahali pa kutazama pasipokuwa na mbao zake. "Mutu mumoja kwa port, siku ya posho ile ilipita, kesho yake misa. Simujui."

"Alikuwa na sura gani?"

"Mi naangaliaka mbao, siangaliake sura."

"Mungu atakusamehe," Chantal alisema, "juu njo aliumba zote mbili."

"Mungu njo aliotesha na muti, Madame! Ile kitu Mungu alipanda bure, juu ya nini mutu asivune bure?"

"Hata shamba ya pasta ni Mungu anaotesha," Gédéon alimjibu. "Jaribu kuvuna. Sasa kumbuka kitu. Kitu chochote."

Léon alikumbuka, kwa kuwa alitaka waondoke. "Alikuwa na ndoo. Ndoo ya rangi, ya mufuniko. Nilimuambia, weka chini tusaidiane kupima mbao. Akakatala. Alipima na mukono moja, ingine inakumbatia ndoo sawa mutoto wa kunyonya."

Nje ya ghala Chantal alipiga vidole. "Ndoo ya rangi! Mwizi iko mupaka rangi."

Hilo lilionekana kuwa wazo jema, na kama mawazo mengi mema liliwagharimu asubuhi yao. Waliwahoji wapaka rangi wa Mangobo mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewahi kufika Yalikombe. Mmoja wao, alipowaona tu, alianguka magoti na kukiri kwamba rangi ya kanisa la mtaa wake aliichanganya na maji nusu kwa nusu. Gédéon alimwambia akamweleze mchungaji. Yule mtu akaomba heri apelekwe jela.

Ilipofika saa ya chakula, Gédéon aliketi juu ya jiwe, akavua viatu vyake, akafikiri. Alifikiri vizuri zaidi miguu ikiwa wazi.

"Chantal, rangi haikumbatiwake. Mutu anakumbatia chakula. Na juu ya lifaki, chakula ni nini?"

"Mbinzo."

"Njo vile. Mbao inafanana na mbao, Léon atatupa karatasi mpaka tuzeeke. Lakini mutu wa mto akiangusha muti ya mbinzo, ataacha mbinzo chini?"

"Hata kama pori inaungua," Chantal alisema, "atazizima kwanza, kisha ataziokota."

"Donc tusitafute mbao. Tutafute mbinzo."

Wewe msomaji umeshafika, nawe unashangaa kwa nini yeye bado yuko njiani. Usimcheke sana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wala hawakuwa wapelelezi.

Sokoni walimkuta Mama Benie, muuzaji wa mbinzo ambaye sauti yake husikika mpaka upande wa samaki. Mbele yake palikuwa na mafungu ya mbinzo za mwaka jana, kavu kama kamba za viatu.

"Mama, mbinzo za sasa ziko wapi?"

"Za sasa?" Mama Benie aliwageukia wenzake wamsaidie kucheka. "Papa, weye unatoka wapi? Ngoma za Yanonge hazijalia. Zingali juu ya muti zinakula majani. Mwenye pori akiona zinashuka zenyewe, anapiga ngoma yake ya lokole, na batu wanaenda kuokota. Mbele ya ngoma hakuna mutu anagusa. Hakuna!"

"Mama, hapo unadanganya mupelelezi," Gédéon alisema kwa furaha ya mtu aliyeshika kosa. "Zimeshatoka. Mi mwenyewe nilizikula siku ya Mungu."

Wamama waliacha kupanga mafungu yao. Mmoja akaweka chini mtoto aliyekuwa akimnyonyesha, ili mikono yake miwili iwe huru.

"Ulikula mbinzo ya nani?" Mama Benie aliuliza taratibu.

"Mama, mimi njo nauliza…"

"Nani alikupa?"

"Ilikuwa kwa familia."

"Familia gani inakula mbele ya ngoma? Zilikuwa na ladha gani? Sema kweli, tuko batu mingi hapa."

"Chungu," Inspekta Gédéon alikiri. "Kidogo."

Wamama walipiga makofi ya masikitiko. "Na ndani zilikuwa kijani?"

"Sikuzipasua, Mama. Nilizitafuna."

"Mbinzo inashuka yenyewe kama imeshamaliza kula na imejisafisha, tumbo iko mweupe, ladha yake tamu. Ile yako ilikuwa na majani ndani. Haikushuka, Papa. Ilishushwa. Ilianguka pamoja na muti, ingali na chakula mudomoni."

Gédéon alijipangusa mdomo. "Sasa juu ya nini mwizi hakuziuza?"

Mama Benie alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa shati ndani nje. "Weye ulioa wapi?"

"Kwa batu ya mto."

"Na hawakukuambiaka? Mbinzo ya kwanza ya mwaka haiuzwe. Iko ya bokilo, mama mukwe yako. Mwanaume anaweza kuiba, anaweza kupiga jirani, anaweza kukosa misa mwaka nzima. Lakini mbinzo ya kwanza atapeleka kwa bokilo, hata kama iko anakimbizwa. Asipopeleka, bibi hatamupikia tena."

Hapo ndipo yote yalimwangukia Gédéon kwa pamoja: ndoo nyeupe, vigelegele, uchungu ulimini. Na kijana mwenye adabu aliyembeba Papa Alphonse bure mpaka Isangi, ili ajue vizuri kwamba msitu hauna mlinzi juma zima. Henri! Furaha ilimpanda mpaka masikioni, na aliona haya kwa furaha hiyo, lakini hakuizuia.

Chantal alikuwa akiandika bila kucheka, na kutocheka kwake kulikuwa kubaya zaidi. "Inspecteur, niandike kama sehemu moja ya ushahidi iko ndani ya tumbo ya mupelelezi?"

"Usiandike."

"Na niulize kitu. Hii ni anketi ya polisi, ao ni wivu ya sukari?"

Swali lilikuwa la haki. Henri angeweza kusema alinunua mbinzo zake kwa mtu, na Léon angeapa kwamba hajui sura. Pasipo maneno ya Mama Agathe, Jumapili ingefika, Papa Alphonse angali kwenye benchi, na Franck angepewa kiti. Na kumhoji Mama Agathe ndilo jambo ambalo Gédéon hakuweza kulifanya. Kwa watu wa mto mkwe hamtazami mama mkwe machoni, hamkatizi neno, na hamuulizi kamwe amekula nini na kimetoka wapi. Mwanamume aliyewahi kumkamata jambazi mwenye panga alianza kutokwa jasho kabla hata pikipiki haijawaka.

Walilitatua hivi. Gédéon alisimama nje, nyuma ya ukuta wa jiko la Mama Agathe, mgongo kwa mlango, akinong'ona. Chantal alisimama mlangoni na kuyasema yale yale kwa sauti. Mama Agathe, mnene, mwenye kitenge cha rangi tatu, aliendelea kuponda pondu, majani ya muhogo, kinuni kana kwamba ukuta huwa na tabia ya kunong'ona kila siku.

"Mama, tunaomba kujua juu ya mbinzo za siku ya Mungu," Chantal alisema.

"Mwambie ule wa nyuma ya ukuta kama sukari yake iliingia sisimizi."

Ukuta ulikohoa.

"Mama, wakati wa kuzitengeneza, ndani zilikuwa na rangi gani?"

Kinu kilipiga mara moja, kikanyamaza, kikapiga tena. "Zilikuwa na majani. Nilizikamua mpaka mikono yangu ikawa kijani. Henri anasema alinunua kwa mama moja wa Isangi. Mi niliona ni batu ya Isangi, hawana uvumilivu. Zingine ningali nazo juu ya moto, zinakauka. Sasa polisi njo inakamata wakwe wenye kuleta chakula? Wale wasioleta munawaacha?"

"Mama, iko muti moja ya lifaki imeangushwa. Kule Yalikombe."

Mchi ulibaki hewani. Mama Agathe alizaliwa Yalikombe, na Gédéon alikuwa analijua hilo, ndiyo maana alinong'ona swali hilo polepole kuliko mengine yote.

"Lifaki gani?"

"Ya Papa Alphonse."

"Ile ya karibu na kijito?"

"Ile."

"Ile kubwa?" Alikuwa sasa anaongea na ukuta moja kwa moja. "Gédéon, mi nakuuliza weye. Ile kubwa?"

"Ile, Mama."

Mama Agathe aliketi juu ya kuni. Alitazama mikono yake, akaigeuza upande huu na upande ule, akaipangusa kwenye kitenge ingawa ilikuwa safi. "Mama yangu alikuwa ananifunga mugongoni na kuokota chini ya ile muti," alisema. "Hata yeye alifungwa mugongoni pale pale." Kisha akamwita Gédéon aingie jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi.

"Sitaki wivu yako hapa. Nitamuuliza mi mwenyewe. Anakuja kula sasa, mbele ya kushuka na baleinière yake. Munajificha nyuma ya jiko, na hakuna mutu atafungwa pingu ndani ya kiwanja yangu kama hajamaliza kula. Munasikia?"

Walisikia. Walijibanza nyuma ya jiko, mahali ambapo moshi wote wa Mangobo, kwa maoni ya Chantal, ulikuwa umekubaliana kukutana.

Henri aliingia akiimba. Alikuwa mzuri wa sura, mwepesi wa kucheka, na mwenye kofia ya kapteni ambaye hajawahi kuwa kapteni. Mama Agathe alimwekea lituma, pondu na baadhi ya mbinzo zilizobaki, akakaa mbele yake na kumtazama anavyokula.

"Mutoto yangu, mbinzo zako zilinipa heshima mbele ya jirani. Nataka zingine, juu ya wamama wa chorale ya kanisa."

"Mama, sema tu! Nitakuletea ndoo kumi."

"Utazitoa wapi? Ngoma haijalia."

"Achana na ngoma, Mama." Henri alicheka, mdomo umejaa. "Siku ya Mungu kiti inaenda kwa Franck, na Franck ni mutu wangu. Miti yote inakuwa yangu. Tutaokota kwa utaratibu: kwanza ninaangusha, kisha tunaokota chini, hakuna kungojea. Maendeleo!"

"Na Papa Alphonse?"

"Ule iko anapumzika. Nilimubeba mi mwenyewe mpaka Isangi, bure kabisa, na pole juu. Kumbe batu wanasema sina moyo!"

Nyuma ya jiko Chantal alikuwa amejiziba pua kwa vidole viwili na kuandika kwa mkono mwingine, machozi yakimtiririka kwa moshi.

"Henri," Mama Agathe alisema, "muti moja ya lifaki inatoa ndoo ngapi?"

"Ile? Eeh Mama! Mingi!"

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na weye uliniletea moja."

Henri aliendelea kutafuna, lakini polepole.

"Uliniletea ndoo moja," alisema Mama Agathe, "na uliniibia zote zingine. Ya mwaka kesho uliiba. Ya wajukuu yangu, ya batoto yako mwenyewe, uliiba. Na mi nilikupigia vigelegele."

"Mama, ni muti moja tu…"

"Meno pia yanaangukaka moja moja. Kisha unakunywa uji mpaka kufa. Maliza kula."

Gédéon alitoka nyuma ya jiko, macho mekundu, akamwona mwanyumba wake ameshika tonge ambalo halipandi wala halishuki, na furaha aliyoibeba tangu sokoni ilimtoka yote. Alikuwa amengojea siku hii miaka mingi, na sasa alitamani angekuwa mahali pengine. Henri alimgeukia Mama Agathe ili amtetee. Mama Agathe alijifunika kichwa kwa kitenge na kulia kwa sauti, maana aliyekuwa anafungwa ni mume wa binti yake, na aliyemfunga ni yeye mwenyewe.

Kituoni Henri alisema yote tena, mara hii bila kucheka. Léon aliletwa, na ghafla sura zikaanza kumwingia akilini. Ndoo nyeupe iliwekwa mezani na mbinzo zilizobaki juu ya moto, na Chantal alizipasua moja moja kwa kisu. Zote zilikuwa kijani.

Jua lilikuwa bado juu wakati Gédéon alipofungua mlango wa kasho. "Papa Alphonse, uko huru. Iko mutumbwi ya motere inashuka sasa. Siku ya Mungu itakukuta kwenu, kwa kiti yako."

Mzee alinyoosha tai, akamshukuru, akatoka. Mlangoni alikutana na Mama Agathe, ambaye alikuwa amekataa kurudi nyumbani kabla ya kumwona.

"Nilikula, Papa Alphonse," alisema, akitazama chini. "Nilikula mbinzo ya muti yako, na nilisifu."

"Hata mi ningekula, Mama. Mbinzo haina kosa."

Alisimama kidogo, mkono juu ya nguzo, akitazama upande wa mto.

"Sasa ile miti ingine ingali," alisema. "Mbinzo zake zitashuka, zile tutaacha zitaingia ndani ya udongo, zitatoka vipepeo. Na vipepeo, Mama, vinarudiaka pale vilizaliwa. Mwaka kesho vitakuja mpaka kwa ile kisiki na mayai yao. Vitazunguka pale juu, vikitafuta majani. Henri mumemufunga, ni vizuri. Lakini kipepeo, nani atamuambia?"

Mama Agathe alimshika mzee mkono, wakashuka pamoja kwenda bandarini.